Nguzo Nne za Mbele

Mama yangu,

Natumaini maji ya mvua hayajaingia tena nyumbani hapo Ahero. Huku Uingereza ni manyunyu tangu Jumatatu, na chai yao ni maji ya kuoshea vikombe.

Hili kwenye picha ndilo lile kanisa la zamani la Wamethodisti ambalo picha yake niliionyesha kamati yetu ya ujenzi wa kanisa, hadi wote wakataka nguzo nne kama hizi mlangoni petu. Leo nimelifikia. Mbele ni mawe ya kuchongwa, ya kujivunia. Basi nikazunguka nyuma. Mama, ni matofali tupu, kama duka la sokoni lililopigwa plasta upande wa barabara tu. Na hizo nguzo hazibebi kitu. Zimebandikwa ukutani kama vifungo vya koti.

Nikamuuliza mzee anayetunza funguo kwa nini walijenga hivyo.

"Nyuma hakuna anayepita," akasema, bila aibu yoyote.

Ujinga huu ndio niliousifu mbele ya kamati. Wewe peke yako uliuliza, "Maji yakija, nguzo zitatusaidia nini?" Nami nikakucheka pamoja na wengine.

Mwambie fundi asijenge nguzo hata moja. Saruji yote iende kwenye msingi, uinuke hadi kiunoni.

Nimekukumbuka, na samaki wako pia. Nikirudi, ukuta wa kanisa letu nitaupaka chokaa mimi mwenyewe, nikianzia nyuma.

Mwanao,
Ouma