Bibi Harusi Ambaye Hakutolewa

Mama yangu uliyelala nyuma ya kanisa,

Kibao kimerudi. Nimeona nikuambie hilo kwanza, maana najua ungenikatiza salamu zote ili ufike hapo. Kimerudi kutoka kwa mchoraji Sumbawanga, kimesimikwa jana mbele ya ilungu, lile tanuru la chuma la baba yako, na jina lililoandikwa ni lako. Nimelisoma kwa sauti, nikarudia, mpaka watoto waliokuwa wanapita na ng'ombe wakasimama kunishangaa. Barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu kwa miaka mingi watu wamesimuliwa kisa kingine, na mimi nimechoka kutabasamu.

Wageni wanaofika siku hizi wanaliona tanuru refu la udongo, limewapita kimo, limesimama katikati ya kijiji chetu njia ya kwenda Kate, na wanauliza lilisalimikaje wakati mengine yote yamebaki vifusi. Waliambiwa alilihifadhi Ndugu Katibu. Mama, siku ya kwanza kusikia hivyo nilitema chai.

Unakumbuka tulivyohamia hapa? Tuliambiwa tutoke kule mabondeni tuje kukaa kijiji kimoja, nyumba zipangwe kwa mstari, shamba la ujamaa liwe upande wa mto. Viwanja vilipogawiwa, kile chenye ilungu hakuna aliyekitaka. Watu walikuwa bado na woga wao wa zamani juu ya tanuru. Wewe ukasimama ukasema, "Hicho nipeni mimi." Baba alikuvuta kitenge ukae chini, hukukaa. Ilungu lilijengwa na babu, baba yako, na ndilo la mwisho kuyeyusha chuma katika nchi yote hii tuliyoijua. Jiko tulijenga ubavuni mwake, na kila asubuhi ulipotoka nje ulikuwa unaligusa kwa kiganja, kama mtu anavyomgusa mgonjwa kuona kama homa imeshuka.

Uliniambia mwenyewe tukichambua maharage: zamani ilungu jipya lilipokelewa kama bibi harusi. Lilipakwa unga, likaimbiwa, likaombewa lizae. Na likishawashwa, mwanamke haruhusiwi kusogea. "Nilichungulia kutoka kichakani," ulisema, "nikapigwa na shangazi mpaka nikasahau nilichokiona." Tukacheka. Sikujua kwamba hukusahau chochote.

Ndugu Katibu alikuja kwetu kijana mwembamba, mtu wa Mbeya, suti yake ya Kaunda imepigwa pasi hata siku ya matope. Hakuwa mtu mbaya. Alilima pamoja na watu na aliimba bezi kanisani. Lakini alikuwa na haraka. Alitaka ofisi ya kijiji ijengwe kabla ya mvua, na macho yake yakatua kwenye ilungu. Pale ndipo katikati ya kijiji, na ule udongo wa kichuguu, alisema, ukipondwa utatoa matofali mazuri sana. Akatangaza mkutanoni: Jumamosi, kila mwanaume aje na jembe.

Jumamosi ile, Mama! Ilikuwa Jumamosi yangu. Patrisi alikuwa ameshatoa mahari yote, shangazi zangu walikuwa wameshalala kwetu, mitungi ya kimpumu, pombe yetu ya ulezi, imeshaiva na mirija ya kuinywea imeshakatwa. Ulirudi kutoka mkutanoni ukapita moja kwa moja hadi kwenye mitungi, ukainusa, ukaniambia bila hata kunitazama, "Agnesi, harusi yako tunaisogeza mbele. Kuna dada yako anaolewa kwanza."

Nikakuuliza dada gani, maana sina dada.

"Yule pale," ukasema, ukaonyesha kwa mdomo.

Nililia, na sikulia kwa heshima. Nilisema pombe ile ni ulezi niliousaga kwa mikono yangu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, halafu ukaniomba kitenge changu kipya kwa sababu chako kisingetosha kulizunguka.

Usiku ule ulipita nyumba kwa nyumba, na Jumamosi asubuhi wanawake wakaja wote. Mama Deo, jirani yetu mwenye kicheko cha kuamsha mifugo, alikuja na ungo wa unga wa ulezi. Mkaliogesha ilungu kwa maji, mkalipaka unga, mkalifunga vitenge kiunoni, na juu kabisa mkaweka ushanga ulionunuliwa kwa ajili ya shingo yangu. Wanaume walipotokea kwenye kona na majembe begani, Ndugu Katibu mbele, walikuta nyimbo, vigelegele na mitungi inayotoka mvuke. Baba alikuwa mstari wa kwanza. Maskini baba yangu, jembe begani na mkewe mbele yake, hakujua atazame wapi. Nilisahau hasira nikaanza kumcheka.

Wewe ulitoka ukapiga magoti, ukapiga makofi ya salamu kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima.

"Karibu harusini, Ndugu Katibu. Umechelewa kidogo, lakini kigoda chako kipo."

"Harusi ya nani, mama?"

"Ya huyu. Si mmekuja kumtoa?"

Akatazama ilungu na vitenge vyake, akakutazama wewe. "Mama, tumekuja kazini. Hili ni tanuru."

"Ni binti yangu, niliyeachiwa na baba. Na sisi hatukatai atoke. Mtoto wa kike siku yake ikifika hutoka nyumbani. Ila kwenu huko Mbeya, baba, binti anatolewa bila mahari?"

Hapo ndipo ulipompata. Nilimwona. Mtu angeweza kumwambia lolote kuhusu mambo ya kale asisikie, lakini alikuwa amelelewa na watu wake vizuri, na hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayeweza kusema mbele ya kina mama kwamba binti atolewe bure. Akashusha jembe.

"Kwetu tunatoa ng'ombe," akasema taratibu.

"Kwa huyu ng'ombe hatupokei. Mahari yake ni jembe. Lakini liwe jembe lililozaliwa tumboni mwake mwenyewe. Haya mliyobeba ni ya dukani."

Wanaume wakaanza kutazama majembe yao kana kwamba hawajawahi kuyaona. Yote yalikuwa na chapa ya kiwanda. Ilungu lilikuwa halijawashwa tangu wewe ni msichana, na majembe ya babu yalikuwa yameshalimiwa yakaisha. Kijiji kizima hakuna aliyekuwa nalo. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliweka lake chini. Alipiga makofi, akasema kwa sauti ya mkwe mnyenyekevu, "Basi tutaenda kulitafuta." Wengine wakaweka yao chini vilevile, na Mama Deo akapiga kigelegele kirefu ambacho sijasikia tena mfano wake hadi mwaka huu.

Ndugu Katibu mkamkalisha kwenye kigoda mkampa mrija. Mwanzoni alikataa. Maji ya moto yalipoongezwa mtunguni mara kadhaa alikuwa ameshavua koti, na jua lilipoanza kuinama alisimama akatoa hotuba. "Ndugu wananchi, chama hakipingi ndoa!" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ofisi ikajengwa ng'ambo ya barabara, ilipo mpaka leo, kwa udongo uliochimbwa kule bondeni, na wewe ulikuwa wa kwanza kubeba maji ya matofali. Mimi niliolewa baadaye kwa pombe ya kuungaunga, na Patrisi mpaka leo hudai kwamba ilungu lilifanyiwa sherehe kubwa kuliko yeye. Ni kweli.

Halafu yule mkubwa wa kutoka mkoani akaja kukagua kijiji. Tulikuwa tumesimama na ndoo zetu. Akauliza tanuru hili linafanya nini katikati ya nyumba za watu, na Ndugu Katibu, bila hata kupepesa, akajibu, "Nimelihifadhi, Ndugu. Ni historia ya wananchi." Akasifiwa palepale, akapeana mkono na mkubwa, akapigwa picha. Mimi damu ilinichemka. Nilikufinya mkono nikakuambia, "Mama, sema!"

Ukaninong'oneza, "Mwache. Akishasema amelihifadhi, hawezi tena kulivunja."

Ulikuwa na akili wewe. Nilikuwa msichana mwenye hasira, nikadhani umeogopa. Ilinichukua miaka na watoto wangu mwenyewe kuelewa kwamba pale ndoo kichwani ulikuwa umeshinda mara ya pili. Alihamishwa, akaja mwingine, akaja mwingine tena, na kila aliyekuja alilikuta ilungu limeshasifiwa na wakubwa, hakuna wa kuligusa. Lakini sifa ilikwenda na yule wa kwanza. Ikaingia kwenye hotuba, kutoka hotuba ikaingia midomoni mwa walimu, na mwaka huu ikafika kwenye kibao.

Walitengeneza kibao kizuri, Mama, wakakifunika kitambaa, wakaandaa siku ya kukizindua baada ya mavuno, na wakamleta Ndugu Katibu mwenyewe aje akifunue. Mzee sana sasa. Anatembelea fimbo, na mjukuu wake anamshika kiwiko. Tulishajua kilichoandikwa, jina lake, kwa sababu fundi aliyekileta alituonyesha.

Sikulala vizuri. Nilijiuliza kama wewe ungenikataza. Nikajiambia kwamba ulinyamaza ili ilungu lisimame, na sasa limeshasimama, hakuna wa kulivunja. Basi kwa nini niendelee kunyamaza? Nikavaa kitenge, nikaenda.

Mzee aliposhika kamba ya kitambaa, nilitoka mbele ya watu wote nikapiga magoti, nikapiga makofi kama ulivyopiga wewe.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba, mama."

"Karibu tena harusini. Mahari umeleta?"

Viongozi waliokaa chini ya turubai wakatazamana. Kijana mmoja wa itifaki akaanza kunisogelea. Mzee akabaki ameshika ile kamba, akanitazama usoni, akalitazama ilungu, na nikaona siku ile inamrudia kidogokidogo. Ndipo Mama Deo, ambaye siku hizi hainuki bila kusaidiwa, akapiga kigelegele kutoka kwenye kiti chake. Ndicho hicho nilichokutajia.

Mzee alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Kisha akaiachia kamba, akaomba kipaza sauti.

"Mahari sikuleta," akasema. "Siku ile nilikuja na majembe kulivunja. Nikapigiwa magoti, nikapewa mrija, nikasahau kilichonileta. Aliyelihifadhi ni mama wa huyu. Mimi nilisema uongo mmoja mbele ya mkubwa, nikaona aibu kuurudisha, na nyinyi mkaujengea kibao. Kirudisheni."

Nililia, Mama, na safari hii pia sikulia kwa heshima. Wanawake walitoka kwenye viti wakaanza wimbo ule, wale wanaoukumbuka wakiwavuta wasioujua, na wote tukalizunguka ilungu. Patrisi wangu na magoti yake mabovu alicheza mpaka nikamwogopea. Mzee naye alicheza, fimbo juu. Alipokuwa anaondoka aliniuliza kaburi lako liko wapi, akaenda, akavua kofia, akakaa huko kitambo. Sijui alikuambia nini. Nadhani ulimsamehe zamani sana, hata kabla hajakosa.

Bado nina jambo moja, na hili nalisema polepole. Juma hili walikuja vijana wa mambo ya kale, wapole, wenye adabu. Wanataka kujenga chumba kidogo cha kioo pembeni ya ilungu. Wakaniuliza kama kwa bahati limebaki jembe lolote lililotoka humo.

Limebaki. Uliniita siku zile za mwisho ukaniambia niinue godoro lako, nikatoa kitu kizito kilichofungwa gunia: jembe la babu, jeusi, halina chapa yoyote. Kumbe siku ile unamtaka Katibu alilete, ulikuwa umelilalia. Ulicheka ukakohoa, ukakohoa ukacheka.

Wale vijana nimewapa chai na mahindi ya kuchoma, nimewasimulia kila kitu. Jembe sikuwapa. Nikiwakabidhi, Mama, mahari itakuwa imelipwa, na kesho atatokea mtu mwenye haraka aje kumchukua binti yenu. Liko chini ya godoro langu. Rosi mwanangu ameshaonyeshwa.

Lala, Mama. Bibi harusi yuko nyumbani.

Mimi binti yako, mdogo wake na ilungu.