Picha Uliyoiomba

S.L.P. 418,
Nyumba ya pili nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta salama, wewe, shemeji na watoto. Kifua cha yule mdogo kimepona? Huku hatujambo. Mama anakula, anatembea na anagombana na majirani, kwa hiyo ni mzima. Mimi bado nashona sare za shule. Kaka naye, kuanzia kitovuni kwenda juu yupo, kwenda chini hayupo.

Unalalamika kwamba tunakuficha hukumu. Ni kweli tunakuficha. Kaka alitukataza, na leo namvunjia amri yake kwa sababu nimechoka kusoma makisio yako kwamba wakili wetu kala rushwa. Yule mama wakili hakula kitu. Amehangaika na kesi hii miaka miwili hadi soli za viatu zimekwisha.

Kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe, maana naona hukuwahi kuuelewa, na sisi pia tulichelewa. Kaka alipoanguka kutoka ghorofa ya tatu akipaka rangi, kwa ubao wa jukwaa ambao msimamizi hakuufunga, mfupa wa mgongo ulivunjika ukauponda ule ugwe wa ndani unaopeleka habari kutoka kichwani hadi miguuni. Mfupa umeunga. Ugwe hauungi. Daktari ametuambia hivyo mara tatu, na mara ya tatu alisema polepole kama mtu anayezungumza na mbuzi. Miguu inapotikisika, kama katika ile video uliyoishangilia, hiyo si nafuu. Ni misuli inaruka yenyewe, na kaka hana habari mpaka aone shuka linacheza.

Mkojo hausikii, anatumia mpira wa kuutoa. Namgeuza kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama ya kiunoni inaoza. Mwaka jana ilioza. Ngumi yangu ingeingia humo, Dada, na yeye aliniuliza kama kuna panya aliyefia uvunguni.

Kampuni iliyomwajiri haikubisha kuhusu ubao. Ilibisha kuhusu muda. Wakili wetu alidai fidia ya maisha yote, yaani muuguzi, godoro maalumu, kiti cha magurudumu na mshahara ambao kaka hataupata tena. Wao walisema huyu atapona. Kwa hiyo kesi nzima ilibaki kwenye swali moja, kama kaka atasimama au hatasimama.

Sasa kumbuka ulichoniandikia. Ulisema, "Nitumieni picha kaka amesimama, hata kama mnamshikilia. Siwezi kumfikiria amelala." Kaka alifurahi kama bwana harusi. Akanyolewa ndevu, akataka shati lake la kazi. Tukamfunga mkanda kwenye nondo za dirisha, seremala akajificha nyuma ya pazia akimshika makwapa, nami nikapiga picha. Tulicheka sana, hasa seremala alipopiga chafya. Kisha kaka akazimia, kwa sababu damu yake haijui tena kupanda akiwa wima. Siku mbili baadaye tukaona kifundo cha mguu kimevimba. Kilivunjika pale pale dirishani, huku yeye anatabasamu kwa ajili yako.

Wewe ukaibandika mtandaoni. "Kaka yangu amesimama! Aibu kwa waliosema hatasimama!" Watu mia mbili na kitu wakakupongeza. Katika waliotazama alikuwemo wakili wa kampuni.

Aliileta mahakamani imekuzwa, kubwa kama mlango wa kabati. Wakili wetu akamwita seremala aeleze habari za pazia, naye akaeleza vizuri, hata chafya akaitaja. Ndipo yule wa kampuni akauliza, kwa upole kabisa, kama familia inayoweza kumficha mtu mzima nyuma ya pazia itashindwa kuficha mengine. Ama kaka anasimama, ama sisi ni waongo. Kote kuwili wanufaika ni wao.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia kaka akamuuliza ni nani aliyeitaka picha ile, na maneno yale ya mtandaoni yalitoka kwa nani. Ujumbe wako nilikuwa nao kwenye simu, mfukoni. Wakili wetu hakuujua, maana kaka alinikataza kumwonyesha, nami kwa upumbavu wangu nikamtii. Kaka akaniangalia, kisha akajibu, "Mimi, mheshimiwa. Nilimdanganya dada yangu kuwa nimepona." Alisema hivyo akiwa chini ya kiapo. Niliinuka kusema, karani akaniamuru niketi.

Hakimu akaandika kwamba mdai amekiri udanganyifu, basi hata maelezo aliyompa daktari yana shaka. Tumepewa matibabu ya miezi sita ya kwanza tu. Muuguzi hakuna, godoro hakuna, kiti hakuna. Nilipomuuliza kaka kwa nini, alisema wewe uko mbali, na ukijilaumu huko huna wa kukubembeleza.

Mimi sina huruma hiyo. Kidonda kimeanza tena, na daktari anasema safari hii kikifika mfupani kitamuua. Siku za kukata rufaa zimebaki kumi na moja. Ndani ya bahasha kuna hati ya kiapo. Inasema picha uliiomba wewe, ukijua atashikiliwa, na maneno uliyatunga mwenyewe. Utaisaini mbele ya wakili wa huko, na wale waliokupongeza huenda wakaisoma. Ujumbe wako nimeshauchapisha kwenye karatasi, usijisumbue kuufuta.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na shangazi ukimpigia simu. Mama anakusalimu sana, yeye anadhani hukumu bado. Mungu akulinde, akupe na moyo wa kushika kalamu.

Kaka hakutumi salamu kwa sababu hajui kwamba nimekuandikia. Akijua atanichukia, na hata kunichukia itabidi anichukie mimi nikiwa namgeuza.

Mdogo wako, anayekupenda na anayehesabu siku.