Mafuta ya Jenereta

Baba,

Kabla ya salamu nijibu hili: mafuta yalikuwa yanaishaje? Kila Jumamosi mchana, kwenye kibanda cha video kule kambi ya wakimbizi, sinema ni ile ile ya wakulima wa Romania wanaoasi, na kila mara jenereta inazimika palepale askari wanapotokeza kilimani. Nilikuwa na miaka tisa, nikaamini. Leo mtu akiniambia kitu kimeisha, nakwenda kutazama mwenyewe.

Mama hajambo. Amehamia kwa dada Cheektowaga, hukohuko Buffalo, maana ngazi za nyumba yenu ya Lackawanna zilimshinda kwa sababu ya magoti. Koti lako la baridi liko nyuma ya mlango. Nilipekua mifuko yake siku ya mazishi, nikapekua tena Krismasi. Usinikasirikie. Nilikuta leso na peremende tatu za kikohozi, karatasi yenye neno lako sikukuta hata moja.

Mimi bado niko Columbus, bado nahudumia wazee majumbani. Tangu theluji iyeyuke nimepewa mzee mmoja huko Hilliard, anaitwa Ionel, mwalimu mstaafu, Mromania. Najua ungeruka kwenye kiti. Wiki iliyopita nilikuwa nakunja nguo zake, akaweka sinema. Nikamwona mwanamke anagonga chuma kuwaita watu, shati likanidondoka. Nikamwambia, huyu namjua, anaitwa Mama Vumilia! Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mwanangu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni sinema tu.

Sinema tu! Hakukuona wewe ukiwa kazini. Hukujua neno moja la Kiromania. Kanda yenyewe iliachwa na mzungu aliyekuja kuchimba visima. Ulipunguza sauti, ukasimama kando ya televisheni na fimbo yako, ukampa kila mtu jina na maneno. Jenereta ikizimika, ulitumalizia mwenyewe kwa mdomo: askari waliona wakulima ni wengi mno, wakaweka bunduki chini, wakanawa, wakala nao ugali. Tulipiga makofi na kwenda zetu nyumbani.

Sasa yule wa kofia, Baba. Unamkumbuka vizuri, usijifanye. Kabla askari hawajatokeza kilimani, anakwenda peke yake kwa kapteni mjini, anavua kofia, anaongea kwa muda mrefu. Wewe ulisema ni mlevi anaomba pombe. "Afande, hata kikombe kimoja tu!" Kibanda kizima kilikuwa hoi kwa kicheko. Nikamuuliza Mzee Ionel, huyu anasema nini hasa? Akasimamisha picha. Akasema anataja majina ya waliowasha moto. Majina matatu, ili wengine wote wa kijiji waachwe.

Nikakaa juu ya nguo zake safi.

Mwaka ule posho ilipopunguzwa, wanaume wa kambi walipanga kuchoma ghala la mahindi Jumapili. Jumamosi ukawaita kibandani, watoto tukatolewa nje. Siku hiyo mafuta hayakuisha. Tulisikia bunduki za ndani ya televisheni, na sauti yako hatukuisikia kabisa. Wanaume wakatoka kimya, kila mmoja akashika njia ya kwake, na Jumapili hawakwenda. Waliokwenda ni Baba Mdogo Gervais na rafiki zake wawili, ambao hawakuja kibandani. Polisi walikuwa wanawasubiri pale ghalani, wakawaita kwa majina yao.

Mkono wa kushoto wa ndugu yako, waliouvunja polisi, haujafumba tangu siku hiyo. Kazini kwake Louisville anainua maboksi kwa mkono wa kulia na kuyasukuma kwa kiwiko. Kila sherehe alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha akakutazama. Nawe ukajibu, "Gervais ana hasira tangu tumboni," watu wakacheka. Nilicheka pia. Naona aibu.

Kwa sababu Ijumaa ile, siku mbili kabla ya ghala, nilikwenda kuteka maji, nikapita ofisi ya mkuu wa kambi. Baiskeli yako, yenye kitambaa chekundu kwenye kiti, ilikuwa imeegemezwa ukutani. Jioni ukasema umeshinda shambani kwenye maharage. Nilikula maharage yangu nikanyamaza. Sijamwambia mtu, hata Mama.

Mzee Ionel aliiacha sinema mpaka mwisho. Wanawaua wote, Baba. Hata yule wa kofia yuko barabarani, kofia yake pembeni. Kambini kwetu hakufa mtu. Hilo najiambia nikiosha vyombo, na siku nyingine linanitosha, halafu naukumbuka ule mkono. Ulikwenda mwenyewe au uliitwa? Ulichagua watatu au uliombwa watatu? Na jina la mtoto wa mama yako, ulilitaja la kwanza? Labda lilikuwa la mwisho. Unaona, nimeshaanza kukutetea.

Nakupenda na nina hasira nawe, na sijui nianze na lipi.

Jumamosi hii tunaganduka, tunaondoa msiba wako, huko Buffalo. Utaratibu unaujua: mkubwa wa ukoo anasimama, anauliza kama kuna mwenye neno na marehemu, aseme sasa, kwa maana pombe ikishagawanywa halisemwi tena. Mkubwa wa ukoo sasa ni Baba Mdogo. Yeye ndiye atakayeuliza swali ambalo yeye mwenyewe amelisubiria jibu miaka ishirini. Ijumaa atatoka Louisville na gari lake, anichukue hapa Columbus, twende pamoja. Kwenye simu alisema, "Pombe yake nitakunywa, mwanangu. Aliyejua amekufa." Kisha akauliza, polepole, "Ile baiskeli yenu iliishia wapi?" Ameniuliza hivyo kila mwaka. Nilidhani ni uzee.

Nikinyamaza, jina lako litabaki safi mbele ya wajukuu, na yeye atarudi Louisville na mkono wake na swali lake. Nikisema, watakaokuwa wamekuja kukusifu watakataa kushika vikombe.

Nitasema, Baba. Si garini, sitaki kumpa kwa siri kitu alichonyang'anywa mbele ya watu. Atakapouliza, nitasimama kabla ya pombe. Nitataja baiskeli. Nitamtaja yule wa kofia na alichokuwa anasema kweli. Nitawataja na wale waliotoka kibandani kimya wakaenda kulala kwao, wakazeeka, na baadhi yao watakuwa wameketi hapohapo. Ugali wa askari sitauweka.

Pumzika, Baba yangu, mpaka hapo utakaposikia jina lako likiitwa. Nakuahidi, safari hii mafuta hayataisha.

Binti yako,
Devota