Mama na Ile Tiki ya Ubaoni

Shosti, nimejifungia chooni hapa shuleni. Sitoki!

Unajua darasa langu la Kiingereza la jioni lina sheria: sentensi haipati tiki mpaka iwe sahihi NA iwe ya kweli. Leo tulikuwa kwenye vitenzi vya hali. Kujua, kutaka, kupenda. Nikawaambia ukijua umejua, si kazi unayoendelea kuifanya, kwa hiyo hatusemi "I am knowing".

Nani akanyoosha mkono kwanza? MAMA. Niliyemwandikisha mwenyewe!

"I know my daughter has a man."

Darasa zima likanigeukia. Mama akaongeza:

"I want to see him."

Bila kosa hata moja! Nyumbani hajaniuliza kitu, kumbe ananivizia.

Na bwana mwenyewe, kinyozi wangu, yuko dawati la nyuma, tunajifanya hatujuani. Nikamkazia macho anyamaze. Akasimama!

"I love her."

KINYOZI WANGU. Mbele ya mama!

Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikaiandika ubaoni nikaipigia tiki.

Mama akaitazama ile tiki, akanigeukia taratibu. "Kwa hiyo ni kweli, mwalimu?"

Ndipo nikakimbia.

Sasa wako nje ya mlango, wote wawili. Nawasikia wanacheka. Shosti, wameshanisahau!