Hasira ya Kwetu na Hasra ya Waarabu

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwa Twaha, hapa Hockley, Birmingham, juu ya meza yake ya usonara yenye vumbi la fedha lisilofutika. Nimekaa, nimesimama, nimechungulia dirishani, nimekaa tena. Chai imepoa mara mbili. Leo Jumapili ni hitima yako ya mwaka, saa nane mchana, nyumbani kwa Kaka Salim kule Sparkhill, na mimi binti yako wa kati siko huko. Nimeambiwa nisiende. Aliyeniambia ni Twaha, mdogo wangu, nami nimetii, jambo ambalo unajua si kawaida yangu.

Unakikumbuka kile kisa chako cha hasira? Ulitusimulia kila mvua iliponyesha na kahawa ikawa tayari. Salim ubavuni pako kwa kuwa ndiye mkubwa, Twaha mapajani, mimi mlangoni, tayari kutumwa. Ilikuwa vita vya kwanza vya Wazungu, nawe kijana wa Mombasa, karani wa forodha, mwenye Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha kazini. Ofisa mmoja wa Kiingereza akakuchukua Uarabuni uwe mkalimani wake. Kulikuwa na wakubwa wawili wa Kiarabu, mmoja wa Hijazi, mmoja wa Nejdi. Wote walikuwa upande wa Waingereza dhidi ya Mturuki, lakini walitazamana kama wake wenza. Waingereza waliogopa wasije wakamsahau Mturuki wakaanza kupigana wao kwa wao. "Mafahali wawili hawakai zizi moja," ulikuwa ukisema, "na Mwingereza alitaka wakae, tena wakamwe!" Ukacheka mpaka kahawa ikakupalia.

Basi siku hiyo, hemani kwa mkubwa wa Nejdi, ofisa akakwambia umwonye kwamba mwenzake wa Hijazi amemkasirikia sana. Ulimi wako ukateleza, ukarudi Mombasa. Ukasema kwa Kiarabu kwamba mwenzake ana hasira juu yake, ukidhani neno ni lile lile. Kumbe kwa Waarabu hasra si ghadhabu. Ni uchungu wa moyo, majonzi ya kukikosa ukipendacho. Yule mkubwa akaweka kikombe chini. "Ana majonzi kwa ajili yangu?" Kisha akaagiza karatasi, akamwandikia mwenzake barua ya upole. Ofisa akaandika kwenye ripoti yake kwamba ule ukali wake umefaa. Wewe ulikuja kuambiwa maana ya neno lako na mpika kahawa, ukanyamaza kimya.

"Halafu?" Salim alikuwa akikuuliza.

"Halafu vita vikaisha, nikarudi nyumbani."

Nimekuja kusoma mwenyewe hiyo halafu, Baba, kwenye maktaba ya mji huu, siku yangu ya mapumziko ya hospitali. Halafu walipigana. Nejdi ikaimeza Hijazi, na mmoja wao akafia mbali na kwao. Hiyo barua ya upole haikuzuia kitu. Nilikifunga kitabu nikacheka peke yangu, kisha nikapandwa na hamaki, nikapanda basi la Erdington, ninakokaa, nikiwa nayo mpaka kitandani.

Kwa sababu ulipozeeka ulitufanyia sisi vile vile. Twaha alipokwenda Mombasa likizo alikukuta umekonda, huwezi kuvuka ua bila kushika ukuta. Ukamwapisha. "Waambie wenzio nina mafua." Naye, mtoto wako mtiifu, akarudi Birmingham akatuambia, "Baba mzima, ana mafua tu." Mimi ni nesi, Baba. Nilimtazama machoni nikajua kuna jambo, nikachagua kuamini mafua. Hilo sijamwambia mtu. Wiki tatu baadaye ikaja simu ya maandishi, na wewe ulikuwa umeshazikwa, ndipo Twaha akatueleza yote.

Salim hajamsamehe. "Sikumzika baba yangu kwa sababu ya mafua," anasema, na akishasema hivyo huinuka akatoka chumbani. Mwaka mzima hawajasemezana. Mwaka mzima mimi ndiye basi la Sparkhill na Hockley. Mwambie hivi, mwambie vile. Na mimi, binti yako, nimekuwa nikilainisha kila kitu njiani. Salim akisema, "Asikanyage kwangu," hufika Hockley imekuwa, "Salim ana shughuli nyingi siku hizi." Nimeifanya kazi hiyo mpaka nimeichukia sauti yangu.

Leo asubuhi nikaenda Sparkhill kusaidia kupika. Nikamkuta Salim mwenyewe amevaa aproni anakatakata vitunguu vya pilau, mke wake kafukuzwa jikoni. Nikamwambia, "Kaka, Twaha ndiye msomaji. Hitima ya Baba bila sauti ya Twaha itakuwa hitima gani?"

"Mwambie nina hasira naye," akasema. "Mwambie hivyo hivyo. Usipunguze. Full stop."

Macho yake yalikuwa mekundu. Vitunguu, bila shaka.

Nikapanda basi mpaka mjini, nikabadilisha, nikafika hapa. Twaha alikuwa kakaa na kanzu yake nyeupe, kofia mkononi, amevaa tangu alfajiri na hana pa kwenda. Nikasimama mlangoni na koti langu, nikamwambia neno kwa neno. "Kaka Salim asema ana hasira nawe."

Akaniangalia sana. Kisha akauliza, pole pole, "Hasira ipi, dada? Ya kwetu, au ya Waarabu?"

Nilifungua mdomo nimlainishie. Wallahi ilikuwa imeshafika ulimini. Nikaona mkono wako ukishika ukuta wa ua, jambo ambalo mimi sikuwepo kuliona, nikayarudisha maneno yangu. "Sijui," nikamwambia. "Mimi sijui, Twaha. Kamuulize mwenyewe."

Akavaa kofia. Nikataka kutoka naye, akanizuia mlangoni. "Usinifuate. Leo hakuna mkalimani." Akashuka ngazi mbiombio na kanzu yake, bila koti, katika baridi hii ya kwao.

Ndiyo maana nimebaki hapa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilipofika hapa katika barua hii nilishindwa. Nikaweka kalamu, nikashuka hadi kibanda cha simu cha kona ya barabara, nikapiga nyumbani kwa Salim. Akashika Rukia, mjukuu wako, yule anayesikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza kitupu. Nyuma yake nilisikia makelele. Baba, walikuwa wakipigiana kelele! Sauti zao zote mbili, pamoja, ndani ya nyumba moja. Nilishika ukuta wa kile kibanda.

Rukia akanieleza kwa Kiingereza chake cha Sparkhill kwamba wageni wamekaa sebuleni na juzuu mikononi, wanajifanya hawasikii, na baba yake yuko jikoni na ami Twaha. Kisha akaniuliza, baba yake anarudia neno moja tu, hasira, hasira, na yeye alifundishwa kwamba hasira ni mtu kukasirika. Sasa mbona analia?

Sarafu zikaisha, simu ikakatika kabla sijamjibu, na labda ni heri, Baba, kwa kuwa ningelipunguza.

Nimerudi kuimalizia barua hii nikiwa nimesimama. Sitakaa tena. Nitavaa koti, nitakwenda Sparkhill, na ikiwa hitima imekwisha nitakula ukoko. Nitawaambia wote wawili kuhusu yale macho ya Twaha niliyoyaona nikayapuuza. Wakinipigia kelele na mimi, wanipigie.

Lakini kwanza wewe, kwa kuwa nimekuombea dua mwaka mzima na sijakwambia ukweli hata mara moja. Nina hasira nawe, Baba. Ulikuwa unakufa na ukatuambia mafua. Nina hasira nawe sana, na wala usiniulize ni ipi.

Mungu akulaze pema. Basi langu hilo linakuja.

Binti yako wa kati, yule wa mlangoni