Bolti ya Nne

Euless, Jumapili alasiri

Wilondja, mdogo wangu,

Ile bolti iliyofanya ufukuzwe kazi kiwandani Garland hukuitoa wewe. Haikuwekwa kabisa. Aliyepaswa kuiweka ni mimi, nilijua hivyo tangu dakika ile ile, na nimenyamaza miaka sita: mitatu ukiwa hai, mitatu ukiwa kaburini.

Nimeandika maneno hayo, nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji ambayo siku hizi napimiwa kwa kikombe kidogo. Figo zangu zimekwisha. Mara tatu kwa juma nasafishwa damu kwa mashine, na juzi daktari alimwambia binti yangu Clarisse kwamba umefika wakati wa kuzungumza juu ya kuacha mashine. Alidhani nimelala. Nilikuwa nimefumba macho tu.

Kwa Clarisse ndiko ninakokaa sasa, karibu na uwanja wa ndege. Yeye anapakia mizigo kule uwanjani, kwa hiyo Jumanne anayenipeleka hospitali ni binti yako Furaha. Amekuwa mtu mzima, Wilondja. Anasomea uhandisi, anafunga nywele kwa kitambaa kama mama yake, na bado anaendesha gari lako lile la kijivu la kampuni ile ya Kijapani tuliyoitengenezea viti Garland, lenye mlango usiofanana rangi. Juma lililopita tulikuwa tumesimama kwenye taa. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisijifanye sikusikia: "Babu, Papa aliitoa kweli ile bolti?"

Nikamjibu, "Mashine iliandika bolti nne."

Taa ikawa kijani, tukaenda. Nilichomwambia ni kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mbaya kuliko ule. Ndiyo maana nakuandikia.

Wewe kampuni ile uliijua kwa mikono, mimi niliijua kwa vitabu. Kule kwetu Kongo, Fizi, uliendesha pikap yao ya hospitali, na umenisimulia mara mia jinsi ilivyombeba Mama Furaha akiwa na uchungu, maji ya mto yamefunika taa za mbele, na injini haikukohoa hata mara moja. Furaha akazaliwa ng'ambo, juu ya godoro nyuma ya pikap. Kwa hiyo siku ya kwanza kiwandani Garland, ulipoona nembo yao kubwa imebandikwa ukutani, ulikwenda ukaigusa kwa kiganja kama mtu anayemsalimia shemeji yake. Mama wa Kivietinamu aliyekuwa karibu nasi akacheka sana. Ukasema, "Mwache acheke. Sisi na huyu tunajuana."

Kiwanda chenyewe hakikuwa chao, unakumbuka. Sisi tuliwatengenezea fremu za viti tu, malori yakazipeleka kusini yanakounganishwa magari. Lakini mimi ndiye niliyewafanya nyote mwamini kwamba tunafanya kazi kwa Wajapani. Nilikuwa mwalimu wa historia Uvira miaka ishirini na mmoja. Nilipofika huku bila darasa, nikajitafutia darasa. Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, niliwakalisha wageni kwenye ukumbi wa kanisa nikawasimulia habari za kampuni ile: jinsi ilivyoanza na banda la kutengenezea pampu za maji, vita vikaliteketeza banda, jinsi Wamarekani walivyoyacheka magari yake ya kwanza wakiyaita makopo ya biskuti, jinsi petroli ilivyopanda bei na wale waliocheka wakapanga foleni kuyanunua. Niliwaeleza jinsi jina lake lilivyokua mpaka kwetu, mtu akiuza ng'ombe wake anunue gari, haulizi aina nyingine.

Halafu nilifika sehemu niliyoipenda. Kamba. Niliwaambia kwamba katika viwanda vya watu wale kila mfanyakazi ana kamba juu ya kichwa chake, hata aliyeanza jana. Akiona kosa anaivuta, kazi yote inasimama, na badala ya kumgombeza wanamshukuru. Niliwaambia hiyo ndiyo siri ya jina lao, kwamba hawaoni haya kusimama mbele ya watu wote na kusema hapa tumekosea. Nilikuwa hata na video kwenye simu, mkubwa wao mmoja akiinama mbele ya waandishi wa habari kuomba radhi kwa magari yaliyotoka na kasoro. "Tazameni anavyoinama," nilisema. "Tazameni shingo."

Wewe ulikaa mstari wa mbele. Ukauliza, "Hata mimi, Mwalimu? Bila Kiingereza?"

"Hata wewe. Kamba haina lugha."

Nililipenda neno hilo. Nililirudia Jumamosi kadhaa. Ni wewe peke yako uliyelichukua ukalipeleka kazini.

Maana kamba ilikuwepo Garland, lakini wote tulijua ilivyo. Ukiivuta, muziki ule wa kitoto unapigwa, namba ubaoni inakuwa nyekundu, na msimamizi wa zamu anakuja amekunja uso. Watu walijifunza kutazama pembeni. Wewe uliivuta mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza chuma kilikuwa na ufa, ya pili springi imegeuzwa, ya tatu sikumbuki, ila mara zote tatu ulikuwa na haki. Vijana wakaanza: "Kaka Wilondja, leo unatupumzisha saa ngapi?" Ukawajibu, "Saa mtakayofanya kazi vibaya."

Sasa nikueleze nilichofanya.

Kwenye kituo changu cha kazi nilikaza bolti nne kwa ile mashine ya kukazia. Mashine yenyewe huhesabu. Ikifika nne, taa inakuwa kijani na fremu inakwenda mbele. Bolti tatu unazifikia umesimama. Ya nne iko nyuma, chini, na kuifikia lazima upige goti. Magoti yangu yalikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na sakafu ile ni saruji. Kulikuwa na njia. Ukikaza mara ya pili bolti iliyokwisha kukazwa, mashine haijui, inahesabu tu. Moja, mbili, tatu, tatu tena. Taa inakuwa kijani. Bolti ya nne unaitia mfukoni.

Alhamisi ile ulikuwa umeletwa kituo kinachofuata changu, kuweka vifuniko vya plastiki, kwa sababu yule mama wa Kivietinamu alikuwa na ruhusa. Nilikuona unainama. Nilikuona unaingiza kidole ndani ya tundu. Halafu mkono wako ukapanda juu.

Msimamizi alikuja. Akafungua kumbukumbu ya mashine: bolti nne, kijani. Akasema mashine haikosei, kwa hiyo bolti iliwekwa na ikatolewa. Akasema huyu bwana anapenda sana kusimamisha kazi. Akanigeukia mimi, mkalimani, akaniambia nikuulize.

"Banasema nini, Mwalimu?"

"Wanasema umeitoa."

Ulicheka. Ulifikiri natania. "Mimi niitoe? Na nini? Na meno?" Nikatafsiri hata hilo, na msimamizi hakucheka. Kisha ukanishika mkono ukanivuta kwenye fremu. "Angalia na macho yako, Mwalimu. Tundu haina hata alama. Rangi iko mzima. Bolti haijaingia humu. Mwambie."

Kila neno ulilosema siku ile nililitafsiri vizuri, isipokuwa hilo. Msimamizi alipouliza unasema nini, nikamwambia, "Anasema hajui." Bolti ilikuwa mfukoni mwangu. Ilikuwa imepata joto la mwili wangu.

Walikutoa mlangoni saa nane mchana, na mfuko wako wa chakula mkononi. Ukanipa mkono wa kuaga, ukasema, "Aksanti kwa kunisemea, Mwalimu."

Sina la kuandika juu ya neno hilo. Nimejaribu.

Baadaye likawa mchezo. Kwenye mazoezi ya kwaya, mtu akichoka kuimba, mwingine alisema, "Vuta kamba kama Wilondja!" na ukumbi mzima ukacheka. Mama Furaha alikuwa anaimba sauti ya pili, mstari wa nyuma. Alikuwa akiinamia daftari lake la nyimbo. Mimi nilicheka na wengine. Sikucheka kwa sauti, lakini nilicheka, na aliniona.

Hapa Dallas hakuna aliyekuchukua tena, kila fomu iliuliza kwa nini uliacha kazi. Ukaenda Houston kushusha makontena, ukilala chumba kimoja na wanaume wanne. Kila Jumamosi ulishika barabara ile ya mwendo wa saa nne kuja kuona familia, na kila Jumamosi ulipitia kwangu kwanza, kwa sababu ulikuwa umegundua duka kule Houston linalouza ndagala, dagaa wakavu kutoka kwetu. Ulinijazia mfuko. "Za Mwalimu hizi, za ziwa lenyewe." Nilizila, Wilondja. Clarisse alizikaanga na nyanya nikazila zote. Jumamosi moja ya joto kali ulikaa kwenye kiti hiki ninachokalia, ukavua viatu, ukasema kwamba ndani ya kontena ni kama tanuri, na ukatania: "Kule hakuna kamba, Mwalimu. Kule unavuta pumzi tu." Nikakucheka tena. Haukupita mwezi, moyo wako ukasimama ndani ya kontena, mchana.

Matanga yalijaa watu. Waliniomba niseme, kwa sababu mimi ndiye mwenye maneno. Nilizungumza dakika ishirini juu ya bidii yako, na sikusema lolote juu ya Garland. Watu wakaniambia nimefanya vema kukusitiri. Kukusitiri wewe! Mama Furaha alikaa chini kwenye mkeka, akanitazama muda wote nikizungumza. Sijui anajua nini. Hajawahi kuniuliza. Amemwachia binti yake aulize.

Nimejiambia mengi miaka hii. Kwamba nyumba kumi na moja za watu wetu ziliingia kiwandani kwa neno langu, na kwamba ningeanguka mimi wangeanguka wote. Nyumba hizo zipo, lakini sikuzifikiria hata moja pale karibu na fremu. Nilifikiria jambo dogo zaidi. Nilifikiria kwamba wewe, uliyeishia darasa la tano, umeona kosa langu, mimi mwenye diploma ukutani. Nilifikiria Jumamosi, na kiti cha mstari wa mbele, na wewe ukinitazama. Hilo ndilo nililoshindwa. Kazi ningeweza kupata nyingine.

Magoti haya nisiyotaka kuyapiga kwenye saruji, sasa hayapigiki hata kanisani. Furaha hunishika kwapani nikitoka garini. Anasema, "Pole pole, Babu, tuko na muda." Ni maneno yako, na sauti ni yako.

Nimemwomba aje Jumamosi pamoja na mama yake. Nitawasomea barua hii kwa mdomo wangu, sitawapa waisome wakiwa peke yao. Nimemwambia mchungaji anipe nafasi Jumapili inayofuata, baada ya matangazo, na nimemwambia nitakayosema si ushuhuda. Nitawaambia kwaya aliyestahili kuchekwa ni nani. Mwili ukikataa nisifike siku hiyo, Clarisse atasoma, nimekwisha kumwapisha. Kiwanda nacho kitaandikiwa. Furaha anajua namna ya kuwaandikia, na jina lako litatoka kwenye kumbukumbu yao kama halijafutwa na wakati.

Lala, mdogo wangu. Sikuombi unisamehe. Ukiniona nakuja huko, usinipokee kama Mwalimu. Nipokee kama mtu aliyefanya kazi karibu nawe.

Nilikuwa karibu kutia sahihi. Clarisse ameniletea uji, nimeurudisha, nimeichukua kalamu tena, kwa sababu naona barua nzima nimeandika kama fremu ilikuwa moja. Mpaka leo hata nafsi yangu nimeisimulia hivyo: fremu moja, siku moja mbaya ya magoti. Lakini kiwanda hakiwezi kuandikiwa hivyo, maana kuna watu wamekalia viti vile barabarani, hapa Texas na kwingineko, na hawajui. Yule mama wa Kivietinamu hakuwa na desturi ya kutazama ndani ya tundu. Wewe ulitazama siku ya kwanza uliyowekwa pale.

Ulivuta kamba Alhamisi. Mimi nilikuwa nimeanza kutia bolti mfukoni Jumatatu.