Miaka Tuliyokuwa Nchi

Rabat, Gozo
Mei 9, 1819

Kaka yangu mpenzi Salvu,

Salamu nyingi zikufikie huko Tunis, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, isipokuwa mama, ambaye tulimzika Jumanne iliyopita. Alikwenda taratibu, bila maumivu. Vumilia mwandiko wangu; padri angeniandikia, ila haya nisingeweza kumpa mtu mwingine ayaandike.

Matangani watu walikumbushana ile miaka miwili na ushei baada ya Wafaransa kutoka ngomeni, kisiwa chetu cha Gozo kilipokuwa nchi. Hakuna taifa lililotutambua, lakini sisi tulijitambua. Unamkumbuka Ganni, mchunga mbuzi, alivyopewa kazi ya forodha? Alimdai karatasi binamu yake mwenyewe, akamwambia, “Ubinamu uko nyumbani, hapa ni serikali.” Tulicheka msibani mpaka machozi. Nami nilimwona tena mama asubuhi ile bendera yetu ilipopandishwa, akikimbia kuelekea ngomeni na pamba bado mkononi.

Ndipo nikakukumbuka ulivyojiandikisha kuvuka kwenda Malta, kuwasaidia wenzetu waliowazingira Wafaransa kule Valletta, na jina lako likafutwa. Wanawake walikutania sokoni, “Salvu, njoo usokote pamba na sisi.” Ukaamini kamanda amekuona mwoga. Waingereza walipoishusha bendera yetu, ukapanda meli, na hujarudi.

Kaka, ni mimi niliyemwendea kamanda. Nilimdanganya kwamba unatema damu. Pawlu wetu alikuwa ameuawa siku tulipowaasi Wafaransa, na nilijua mama hangeweza kuzika mwana mwingine. Sikuuliza nafasi yako angepewa nani. Alipewa Wistin, mchumba wangu. Alikuja kuniaga amefurahi, akasema, “Kaka yako mgonjwa, acha niende mimi badala yake.” Neno langu moja lingemzuia, lakini lingekupeleka wewe. Nikanyamaza. Amezikwa huko huko, ng'ambo.

Nikaendelea kunyamaza miaka yote, kwa sababu mama alikulilia kila siku, na sikuweza kumwambia ni nani aliyekufukuza.

Jana, baada ya misa, nilisimama sokoni nikawaeleza wote. Mmoja wa wanawake waliokucheka, mzee sasa, aliniuliza kama utarudi. Nilimjibu kwamba sijui, ila nitakuandikia nikuulize.

Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao wasiyemjua. Mungu awatunze.

Dada yako,
Grazzja